Mkalimani Alinielewa Vizuri

Niliahidi. Naliweka neno hili mwanzoni kabisa ili nisipate nafasi ya kulizunguka, maana kuzunguka maneno ndiyo kazi niliyosomea chuo kikuu. Kwa miaka tisa nimekuwa nikisema sikuahidi. Nilimwambia hivyo mwenyekiti wa baraza la wazee wa kanisa, nikamwambia mama yangu, nikawaambia na wale wa Tunduma waliokuwa wakiniuliza huku wanacheka. Ilipofika mwaka wa nne au wa tano sikujua tena kama nadanganya. Nilikuwa nimeuzoea uongo wangu kama mtu anavyozoea kiti kibovu: anajua akae upande gani.

Niliyemwahidi ni Mkalimani. Sitamtaja jina, na sidhani kama hilo litamkosesha kitu, kwa kuwa mji mzima ulimwita hivyo, hata mkewe, ambaye alimwita Mkalimani akiwa na hasira na Baba akiwa amepoa. Kanisa letu liko karibu na mpaka. Ukitoka ibadani unaona malori yamepanga foleni kuelekea Zambia, na wahubiri wageni walitoka Nakonde na mbali zaidi, kila mmoja na Kibemba chake au Kiingereza chake. Yeye alisimama hatua moja nyuma ya mhubiri, mikono mgongoni, akayageuza yote kuwa Kiswahili. Akiona bibi wa benchi la mbele amekunja uso, alimwongezea sentensi moja ya Kinyiha au Kinamwanga, kama mtu anayemsogezea mgeni bakuli la mboga.

Wahubiri wengine walikuwa wa kurukaruka. Mmoja aliruka kila alipotaja ushindi, hadi mzee wa zamu akamnong'oneza Mkalimani kwamba naye achangamke kidogo. Akajibu, na kipaza sauti kikamsikia: "Mimi natafsiri maneno. Kuruka kila mtu anakuona." Kanisa zima lilicheka, na mhubiri naye akacheka bila kujua anacheka nini, kwa kuwa hilo halikutafsiriwa.

Alikuwa mpole kwa Mungu na mkali kwa kwaya. Aliomba kwa Kinyiha, alifoka kwa Kiswahili, na siku aliyojigonga kidole kwa nyundo alilia kwa Kibemba. Alikuwa na shamba la kahawa Isansa na hakuwahi kunywa kahawa. Akiulizwa alisema yeye anaijua inakotoka. Alimtetea kila mhubiri mbele za watu, kisha akafika nyumbani, akavua koti, akamwambia mkewe: "Leo nimebeba gunia tupu saa nzima."

Mimi nilirudi Tunduma na shahada ya masomo ya dini na miwani ambayo sikuihitaji sana. Nilitegemea watu waniulize maswali makubwa. Watu waliniuliza nitaolewa lini. Yeye peke yake ndiye aliyenisubiri nje ya kanisa, Biblia imefunguliwa, kidole kikiwa kwenye mstari.

"Mwanangu, wewe umesoma haya mambo. Kwa nini Agano la Kale limeandika BWANA kwa herufi kubwa zote, halafu Agano Jipya zimepungua? Nani kazipunguza?"

Nilifurahi mno. Nilimweleza, tumesimama juani, kwamba nyuma ya zile herufi kubwa kuna Jina la Mungu kwa Kiebrania, na kwamba Wayahudi hawalitamki. Wakilifikia katika kusoma, wanasema neno lingine lenye maana ya Bwana, na watafsiri wetu wakafuata adabu hiyohiyo. Nilikuwa naelekea kwenye tanbihi aliponikata.

"Basi, nimeelewa. Ni wakamwana."

"Wakamwana?"

"Mkamwana wa kwetu anataja jina la baba mkwe wake? Hata kama mzee anaitwa Jiwe, yeye hawezi kusema jiwe, atatafuta neno lingine. Yumo kwenye nyumba yake, anampikia, watoto wake ni wajukuu wa mzee, ila jina halitaji. Na huo si woga, mwanangu. Ni kwamba ameolewa pale."

Nilikuwa nimesoma rafu nzima ya vitabu juu ya jambo hilo, na hakuna hata kimoja kilichonieleza kwamba ukimya ule unaweza kuwa wa mtu wa ndani ya nyumba na si wa mgeni mlangoni. Makala yangu ya kwanza iliyosifiwa ilikuwa na wakamwana hao. Mwenye wakamwana sikumtaja. Yeye hakulalamika. Badiliko nililoliona ni kwamba tangu siku ile, akitafsiri somo la Agano la Kale, alivuta pumzi kidogo kabla ya kusema BWANA, na waumini wakadhani kifua kinamsumbua.

Aliwapenda Wayahudi wa kwenye Maandiko kwa sababu walibishana. Ile habari ya Ibrahimu kuuombea mji wa Sodoma aliirudia mara nyingi kuliko mfano wowote wa Yesu. "Kaanza na wenye haki hamsini, akashuka, akashuka, mpaka kumi! Na Mungu kakaa anamsikiliza. Yule angekuja kuuza mchele hapa Tunduma tungekoma wote." Nilimwambia kwamba walimu wa Kiyahudi wameirithi tabia hiyo, kwamba kwao kumbishia Mungu kunaweza kuwa namna ya kumwabudu, maana wanaamini wamefungwa naye kwa agano lisilovunjika kwa maneno. Akaitikia kwa kichwa polepole. "Kumbe agano ndilo linawapa mdomo. Mtoto anayejua hatafukuzwa ndiye anayejibu."

Sasa yeye alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, na binti huyo hakuuliza mtu. Alipendana na msafirishaji, mtu wa Kondoa, mwenye malori mawili ya kwenda Lusaka, Mwislamu. Akaolewa naye, akasilimu. Mkalimani alikwenda kwenye ndoa, akakaa kiti cha mwisho, akala pilau, akarudi nyumbani. Kisha kwa wiki tatu hakusema neno. Mtu mwenye lugha tano nyumba yake ikawa kimya kama stoo.

Wiki ya nne alivaa koti, akaenda kwa mkwewe, akakataa chai na kusema: "Nieleze Mungu wako. Taratibu, kwa sentensi fupi, kana kwamba unahubiri na mimi natafsiri."

Mkwe alinisimulia mwenyewe kwamba hakuna ofisa wa mpakani aliyewahi kumtoa jasho namna ile. Alisema: Mungu ni mmoja. Mkalimani akaigeuza kwa Kinyiha, akaitikia kwa kichwa. Ndiye aliyeumba kila kitu. Akaigeuza. Ni mwenye rehema, na atatuhukumu. Akaigeuza. Yuko karibu na mtu kuliko damu ya mtu mwenyewe. Hapo alisimama, akaomba irudiwe, akaigeuza mara mbili. Kisha mkwe akasema: hana mshirika, wala hana mwana. Hiyo Mkalimani hakuigeuza. Akaiomba ile chai.

Kesho yake alikuwa mlangoni kwa mama yangu, ananitafuta.

"Yule kijana hamtukani Yesu. Anamwita nabii. Hata Mariamu anamtaja kwa adabu kuliko wale wa kwaya yetu. Ila hataki Mungu ashushwe. Sisi tunasema Mungu hakushushwa na mtu, alishuka mwenyewe. Yeye analinda mlango, na sisi tunasema mwenye nyumba ameshatoka kutufuata."

Nikaona nafasi ya kutumia elimu yangu. Nikaanza kumweleza jinsi Wakristo wanavyosema Mungu ni mmoja na papo hapo ni Baba, Mwana na Roho, na mabaraza ya kale yalivyogombana juu ya maneno hayo. Akaziba masikio.

"Utatu niachie. Nimeutafsiri miaka thelathini, sijauelewa, na hakuna aliyewahi kulalamika."

Lakini asije mtu akadhani alikuwa wa wale wanaosema dini zote ni sawa tu. Lile "sawa tu" lilimkera kuliko tusi. Alimwamini Kristo kwa moyo wote, akamwambia mkwewe usoni kwamba amekosea, na mkwewe akamwambia vivyo hivyo, wakala wali pamoja kila Ijumaa mchana, nyama ikiwa imechinjwa na mkwe. "Tunabishana juu ya mmoja," aliniambia. "Wangekuwa wawili kusingekuwa na ubishi. Wewe ungemsifu wako na mimi wangu, kila mtu akalale. Wayahudi wanasema amesema nao na agano halijavunjika. Sisi tunasema amekuja. Waislamu wanasema ametuma neno la mwisho, msimfananishe na kitu. Ni ugomvi wa ndugu juu ya baba yao: alisema nini, na alimwambia nani."

Niliwahi kumwuliza kinachomsumbua hasa ni nini, kama jibu analo. Akatazama upande wa nyumba ya binti yake, ambako wakati huo walikuwa wakianika mahindi.

"Nikiinama mimi hapa, na yeye akiinama kule, naogopa tusije tukawa tunaongea na watu wawili. Ni hilo tu. Mengine mtabishana nyie wasomi."

Ndipo akaja mhubiri mmoja mgeni. Alihubiri kwa Kiingereza, vizuri, bila kuruka, na katikati ya mahubiri akasema kwamba wanaoswali msikitini wanaabudu mungu mwingine, mungu wa uongo. Mkalimani akanyamaza. Mhubiri akadhani kipaza sauti kimezima, akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Mkalimani akasema kwa Kiswahili, taratibu: "Mhubiri amesema neno juu ya Mungu wa Waislamu. Neno hilo mimi sina hakika nalo, kwa hiyo silitafsiri. Tuendelee."

Miaka yote alikuwa ametafsiri hata asichokipenda. Hiyo ilikuwa sentensi ya kwanza kuiacha, na nusu ya kanisa walijua Kiingereza cha kutosha kuelewa kilichoachwa. Baraza la wazee likamwita afike Jumamosi. Mwenyekiti alikuwa mkulima wa Iyula, mtu mgumu na wa haki, asiyeinua sauti.

Ijumaa jioni Mkalimani alikuja kwa mama. Mimi nilikuwa likizo, najifanya naandika.

"Kesho saa nne, mwanangu. Njoo uwaeleze kama ulivyonieleza mimi: Wayahudi, sisi na Waislamu, wote watatu wanamsema Mungu yuleyule wa Ibrahimu, na wanapoachana ni wapi. Nikisema mimi wataona namtetea binti yangu. Wewe umesoma."

"Nitakuja, Baba."

"Utakuja kweli?"

"Naahidi, Baba. Saa nne."

Saa moja asubuhi nilikuwa kwenye basi la Mbeya. Nilikuwa na mkataba wa mwaka mmoja kufundisha katika chuo cha kanisa huko Mbeya, na usiku kucha nilijiona nikiitwa ofisini kuulizwa ni kwa nini nimewaambia wazee wa Tunduma kwamba Wakristo na Waislamu wana Mungu mmoja. Hakuna aliyenitisha. Nilijitisha mwenyewe, na kazi hiyo niliifanya kwa bidii ambayo sijawahi kuionyesha darasani. Tulipofika Nanyala, bado njiani, simu yangu iliita; ni yeye. Niliitazama mpaka ikanyamaza.

Aliwaambia wazee kwamba nimeahidi, nitafika. Walinisubiri mpaka saa sita.

Wiki mbili baadaye nilirudi kusalimia, mwenyekiti akanikuta kwa mama. Hakukaa.

"Mkalimani anasema ulimwahidi kuja kutueleza. Ulimwahidi?"

"Hapana, Baba," nikasema. Na kwa kuwa uongo mfupi haunitoshi, nikaongeza: "Labda alinielewa vibaya."

Ndoa ya binti wangemsamehe. Ile sentensi aliyoiacha wangemwonya, yakaisha. Lakini mkalimani anayeelewa vibaya, au anayebuni ahadi ambazo hakupewa, huwezi kumweka kando ya mhubiri. Kila alilowahi kusema linatiliwa shaka. Wakamwondoa. Hakukata rufaa, hakuhama kanisa. Alikaa benchi la nyuma kwa miaka tisa akiwasikiliza vijana wakitafsiri, na mama aliniambia kwamba midomo yake ilikuwa inacheza muda wote, bila sauti. Mama alipofika hapo nilimwuliza habari za mahindi.

Mwaka huu, mwezi wa saba, nilikwenda kwake. Sina sababu nzuri ya kueleza kwa nini mwaka huu. Labda ni kwamba nilialikwa mahali kuzungumza juu ya dini tatu za Ibrahimu, nikawa naandaa hotuba, na kila sentensi nzuri niliyoiandika ilikuwa yake.

Nilimkuta uani, ungo wa maharage magotini, amekonda, na masikio yameonekana kukua. Binti yake alikuwa pembeni yake, mtandio umefungwa nyuma ya shingo, wanachambua pamoja.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Mbeya wanakulisha."

"Dada karibu," binti akasema, na akanisogezea kigoda bila kunitazama sana.

Nilikuwa nimejiandaa njiani. Nikaanza: "Baba, nimekuja kwa ajili ya lile la siku ile. Nataka nikwambie ukweli kwamba..."

"Usiniambie mimi," akasema, mkono bado kwenye maharage. "Mimi nilikuwepo."

"Nimwambie nani?"

"Asiyekuwepo."

Binti akafuta vumbi kwenye simu yake kwa ncha ya mtandio. "Mwenyekiti yuko Iyula, dada. Simu anapokea. Mchungaji wa sasa hafanyi jambo bila kumpigia kwanza." Akabonyeza namba, akaweka sauti ya nje. "Ila Kiswahili kimemtoka. Tangu aumwe anaongea Kinyiha tu."

Mimi Kinyiha nakisikia kama mtu anayesikia redio ya jirani: najua ni habari, sijui ni ya nani. Wazazi wangu walitaka nisome, wakanilea kwa Kiswahili. Simu ilikuwa inaita. Tulijua wote watatu, uani pale, ni nani atatafsiri.

Akauweka ungo chini. Akajifuta mikono kwenye suruali.

"Sema kwa kituo," akaniambia.

Sauti ya mzee ikaitika, kavu, na nyuma yake jogoo. Mkalimani akamsalimu kwa urefu, akamwuliza hali, akamweleza nani yuko hapa. Kisha akanigeukia.

"Kwa kuzingatia mazingira ya wakati ule," nikaanza, "na shinikizo ambalo kwa namna fulani..."

"Hiyo haina Kinyiha," akasema. "Anza na wewe."

Nikavuta pumzi. "Niliahidi kuja barazani."

Akaigeuza.

"Sikuja. Niliogopa kupoteza kazi."

Akaigeuza. Ndivyo ukalimani ulivyo, hausemi "anasema aliogopa". Ulisema "niliogopa", kwa kinywa chake yeye, na uso wake ukiwa umetulia kama wa mtu anayesoma tangazo.

"Uliponiuliza, nilikudanganya."

Akaigeuza, "nilikudanganya", kwa kinywa chake tena. Binti yake akainamisha kichwa.

"Mkalimani alinielewa vizuri kabisa."

Mzee wa upande wa pili akauliza kama simu imekatika. Mkalimani akatazama maharage, akakohoa, akaisema sentensi hiyo taratibu, na nilijua imekwenda yote kwa sababu hata mimi niliielewa.

Kisha mwenyekiti akauliza swali, na Mkalimani akanigeuzia bila kubadilisha sauti: "Na siku ile ungekuja, ungetuambia nini? Ni Mungu mmoja, au si mmoja?"

Miaka yote ningejibu kwamba inategemea tunamaanisha nini. Nikasema: "Wote watatu wanamwita Mungu wa Ibrahimu. Hawakubaliani kama amekuja, wala neno lake la mwisho ni lipi, na tofauti hizo ni kubwa. Mimi naamini wanayemwita ni mmoja."

Aliigeuza yote, na alipofika kwenye "naamini" akalisema mara mbili. Mwenyekiti akajibu kwa urefu.

"Mimi sikubali," Mkalimani akaniambia, na ilinichukua muda kujua kwamba anayesema ni mzee wa Iyula. "Sikubali hata kidogo, na ungekuja siku ile ningekubishia mpaka jioni. Lakini huo ni ubishi. Mtu hatolewi kazini kwa ubishi. Sisi tulimtoa kwa uongo, na uongo haukuwa wake. Nitampigia mchungaji leo."

Mzee akaendelea kusema, sasa taratibu zaidi. Mkalimani alisikiliza, akaitika mara mbili, hakunigeuzia kitu. Simu ikakatwa. Akauvuta ungo, akaurudisha magotini.

"Hayo ya mwisho amesema nini?" nikauliza.

"Hayo ameniambia mimi."

"Baba, amesema nini?"

"Jumapili kuna mgeni kutoka Nakonde," akasema. "Nisichelewe."